Mbawakawa wa malengelenge: dalili zinazoripotiwa shambani, mwilini na zizini, visababishi vyake na hatua za kuchukua

Kila msimu maharage yanapoanza kuchanua katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbozi na Rungwe hadi Kilolo na Mufindi, malalamiko yaleyale hurudi kwa maafisa ugani na kwenye zahanati za vijijini: maua yameliwa, dawa imepigwa bila mafanikio, mtoto ameamka na lengelenge shingoni, ng'ombe anakojoa damu. Mara nyingi anayeshutumiwa ni mdudu mmoja tu, yule mweusi mwenye mikanda ya rangi nyekundu, ya chungwa au ya manjano mgongoni. Baadhi ya shutuma hizo ni za kweli na baadhi ni za kumsingizia. Kwa maoni ya mwandishi, shambani mdudu huyu huogopwa kupita kiasi, ilhali mikononi na midomoni mwa watu haogopwi inavyostahili. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi cha kawaida zaidi kimetangulia hata pale ambapo kisababishi hicho si mbawakawa.

Kabla ya yote: hakikisha ni yeye

Mbawakawa wa malengelenge wanaoonekana zaidi kwenye mikunde ni wa jenasi ya Hycleus, ambao wengi wao zamani waliwekwa katika jenasi ya Mylabris. Familia yao, Meloidae, ina spishi zaidi ya 2,500 duniani, kwa hiyo si ajabu kukuta katika shamba moja wadudu wenye michoro inayotofautiana. Tofauti hizo zisikusumbue, maana ushauri ni uleule. Mdudu mzima ana urefu wa kati ya sentimita 1 na 3, mwili wake ni mrefu kuliko upana, kichwa kimeinama, na nyuma ya kichwa pana sehemu nyembamba kama shingo. Mabawa yake ya juu ni laini kiasi, hayana ugumu wa yale ya mbawakawa wengine. Usimchanganye na kile kidudu kidogo cha mviringo chenye madoadoa kinachokula vidukari, kwani hicho ni rafiki wa mkulima na hakina madhara kwa ngozi.

Ukimgusa kwa kijiti utaona kitu kinachomtambulisha vizuri kuliko rangi: hukunja miguu, hujiangusha kama aliyekufa, na kwenye maungio ya miguu hutokeza matone madogo ya majimaji ya manjano yenye mafuta. Ndani ya matone hayo mna kantharidini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1810 na mkemia Mfaransa, Pierre Jean Robiquet, kutoka kwa ndugu wa mdudu huyu anayeishi Ulaya. Mbawakawa huyu hang'ati wala hana mwiba. Madhara yote kwa binadamu na mifugo hutokana na sumu hiyo kugusa ngozi, jicho au tumbo. Jaribio hili lifanywe kwa kijiti, kamwe si kwa kidole.

Dalili ya kwanza: maua yanapukutika na maganda hayaonekani

Kisababishi cha kawaida zaidi ni mmea wenyewe na hali ya hewa. Mharage wenye afya njema huangusha sehemu kubwa ya maua yake, na idadi hiyo huongezeka mvua inapokatika wakati wa kuchanua au joto linapopanda, jambo ambalo wakulima wa Ismani na wa ukanda wa Usangu wanalifahamu vizuri. Katika vinyungu (bustani za mabondeni) vya Mufindi na Njombe, ambako maharage hukutana na baridi ya Juni na Julai, sakitu ya usiku mmoja inaweza kuunguza maua yote ya bondeni na kuyaacha yale ya mteremkoni. Okota maua yaliyoanguka uyatazame. Yakiwa mazima, bila alama ya kung'atwa, na udongo ukiwa mkavu au majani ya juu yakiwa yamebabuka, hakuna mdudu wa kushtakiwa na hakuna dawa ya kupiga.

Kinachofuata ni vithiripi. Hawa ni wadogo mno, na huwezi kuwaona kwa kupita tu shambani. Kung'uta maua machache juu ya sahani nyeupe: ukiona vijidudu vyembamba kama uzi uliokatwa vikikimbia, na maua yenyewe yakiwa na rangi ya kahawia kabla ya kufunguka, umempata mhusika.

Wa tatu ni viwavi. Kiwavi wa Maruca vitrata huunganisha maua na vitumba kwa nyuzi kama za buibui na kujificha ndani yake, na funza wa Helicoverpa armigera hutoboa tundu la mviringo kwenye ganda changa. Pasua maua yaliyoshikamana. Uchafu wa viwavi utauona hata kama kiwavi mwenyewe ameshahama.

Mbawakawa wa malengelenge ndiye wa mwisho katika orodha, na ndiye rahisi kuliko wote kumthibitisha kwa sababu hajifichi. Hula mchana, juu kabisa ya mmea, mara nyingi wakiwa kadhaa kwenye shina moja. Petali zinazobaki huwa zimechanika ovyo, kiini cha ua kimeliwa, na ua lililoharibiwa hivyo haliwezi tena kutoa ganda. Pita shambani jua likishapasha, ukianzia ukingoni palipopakana na nyasi au pori na kumalizia katikati. Karibu kila mara utawakuta wengi pembezoni na wachache katikati, kwa kuwa huingia kwa kuruka kutoka nje. Usipowaona kabisa katika matembezi mawili ya siku tofauti, rudi kwenye visababishi vya juu.

Hatua ya kwanza ya kuwapunguza ni kuwaokota. Kazi hii hufanyika alfajiri au asubuhi mapema, wakati baridi ya milimani bado imewalegeza na hawawezi kuruka. Vaa glavu za mpira na shati la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni, shika kopo lenye maji ya sabuni chini ya ua, kisha gonga shina ili tabia yao ya kujiangusha ifanye kazi kwa faida yako. Wakishakufa wafukiwe, wasimwagwe mahali kuku, mbuzi au watoto wanapofika, kwa sababu sumu hubaki ndani ya mdudu aliyekufa na hata aliyekauka. Kazi hii si ya watoto, ingawa ndio ambao kwa kawaida hutumwa kuifanya.

Kwa robo eka au nusu eka ya maharage, kuokota asubuhi kadhaa mfululizo katika kipindi cha maua kunatosha. Shamba kubwa linahitaji mpango zaidi: panda kwa wakati mmoja na majirani ili maua yawe mengi kwa pamoja na wadudu wasambae, na chagua mbegu inayochanua kwa pamoja na kumaliza haraka badala ya ile inayotambaa na kuchanua kidogokidogo kwa wiki nyingi. Afisa ugani wako au kituo cha Uyole cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ambako mbegu kama Uyole 94 na Njano Uyole zilitolewa, wanaweza kukueleza ipi inafaa mwinuko wako.

Kwenye mahindi mdudu huyu hula mbelewele na wakati mwingine ndevu za gunzi. Anaonekana vibaya, lakini mbelewele moja hutoa chavua nyingi mno kuliko inayohitajika, na mara chache sana hasara yake inafikia kiasi cha kuitafutia fedha. Maboga nayo hutoa maua ya kiume mengi kuliko ya kike, hivyo kagua kwanza ni yapi yanayoliwa. Kwenye mbaazi, kunde, choroko na bamia hali ni kama ya maharage: kila ua lililoliwa ni ganda au tunda lililopotea.

Jambo moja linapaswa kuzingatiwa kabla ya kuamua kuwateketeza wote. Lava wa wadudu hawa huishi ardhini wakitafuta vifuko vya mayai ya panzi na kuyala. Ndiyo maana baada ya msimu wa panzi wengi mara nyingi hufuata msimu wa mbawakawa wengi, na ndiyo maana wakulima wanaopambana na panzi wana mshirika ambaye hawamjui.

Dalili ya pili: dawa imepigwa, lakini baada ya siku chache wadudu wamerejea

Kabla ya kulaumu dawa, tafuta kama wale walioonekana ni walewale. Mara nyingi sivyo. Waliopigwa wamekufa, na wengine wamehamia kutoka kwenye nyasi za jirani, ambako bomba lako halikufika. Kwa mdudu anayeruka vizuri kiasi hiki, kupiga dawa shamba zima kila anapoonekana ni kujaza maji kwenye pakacha.

Kisababishi cha pili ni saa ya kupiga. Viuatilifu vya pareto, zao linalolimwa katika milima ya Mbeya, Makete na Mufindi, huvunjika upesi vikipigwa na jua, kwa hiyo vikinyunyizwa saa nne asubuhi huwa vimepoteza nguvu kabla ya mchana kuisha. Vipigwe jioni jua likielekea kuzama. Saa hiyo ina faida ya pili iliyo kubwa zaidi: nyuki wamerudi mizingani. Pareto na viuatilifu vya pairethroidi vilivyotengenezwa kwa kuiga pareto huua nyuki na samaki pia, na mkulima wa maboga anayewaua nyuki ili kuokoa maua hatapata maboga hata maua yakibaki yote. Kwa sababu ya samaki, usioshe bomba mtoni wala kwenye mfereji wa kinyungu.

Cha tatu ni dawa isiyo sahihi. Hutokea mtu akapiga dawa ya ukungu akidhani ni ya wadudu kwa sababu alipimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko. Soma kibandiko chenyewe dukani: kiwe na jina la kiambato, zao na mdudu anayekusudiwa, kipimo kwa bomba la ukubwa wako, na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kikikosa kimojawapo, usinunue. Baada ya hapo ndipo ukague vitu vidogo: noze iliyoziba au kulika, maji yenye matope, na kipimo kilichokadiriwa kwa kifuniko.

Angalia pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hesabu hiyo haihusu maharage makavu peke yake. Katika nyumba nyingi za Iringa na Njombe majani ya maharage huchumwa kuwa mboga wiki hiyohiyo shamba linapochanua. Shamba lililopigwa lisichumwe majani hadi siku hizo ziishe.

*Simama na umwite mtaalamu* ikiwa umeshapiga mara mbili kwa kipimo sahihi bila nafuu. Usiongeze kipimo wala kuchanganya dawa mbili kwa kubahatisha. Mwite afisa ugani aje aone shamba. Na mpigaji dawa akianza kutokwa na mate mengi, kuumwa tumbo, kuona ukungu au kutetemeka, kazi isimame palepale, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe mwili, na apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa ya dawa yenye kibandiko.

Dalili ya tatu: malengelenge kwenye ngozi

Hapa ndipo mbawakawa huyu anastahili kutajwa mapema, hasa kwa mtu aliyetoka kupalilia, kuvuna au kubeba mashina ya maharage kichwani. Mdudu husuguliwa kati ya ngozi na nguo au hupondwa shingoni kwa kiganja, na mwathirika husahau. Saa chache baadaye, au asubuhi iliyofuata, hutokea lengelenge moja au machache yaliyojaa maji meupe, yaliyovimba wima, na yenye maumivu madogo kuliko yanavyoonekana. Nyumbani huambiwa amekojolewa na mjusi au buibui, naye hupakwa mafuta, jambo ambalo ni kosa: kantharidini huyeyuka katika mafuta na hivyo huenezwa badala ya kuondolewa.

Kinachofanana nacho zaidi ni jeraha la Nairobi fly, kidudu chembamba chenye rangi ya chungwa na nyeusi ambacho huvutwa na taa usiku wakati wa mvua. Sumu yake ni nyingine, inaitwa pederini, na dalili zake huchelewa siku moja au mbili. Badala ya puto la maji, ngozi huwa na mstari mwekundu unaochoma, kisha vipele vyenye usaha. Kikipondwa kwenye kunjo la kiwiko huacha majeraha mawili yanayotazamana.

Cha tatu ni dawa ya shambani iliyovuja kutoka kwenye bomba, na alama yake huwa mgongoni au kiunoni pale mfuniko au mkanda unapogusa. Cha nne ni mkanda wa jeshi, ambao hauna uhusiano wowote na wadudu: maumivu makali hutangulia vipele, vipele hukaa upande mmoja wa mwili kama ukanda, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Usipoteze siku hizo tatu ukimtafuta mdudu.

Mdudu akitua mwilini, mpulize au mwondoe kwa karatasi. Akiwa amekwisha kupondwa, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, badilisha nguo, na osha mikono kabla ya kugusa macho au kwenda haja ndogo. Lengelenge likishatokea usilitumbue. Lifunike kwa kitambaa safi kisichobana na uliache. Likitunzwa likiwa safi, hupona bila kuacha kovu kubwa, kwa kuwa sumu hii hutenganisha tabaka la juu tu la ngozi. Liking'oka lenyewe, safisha kwa maji safi na sabuni kila siku.

*Nenda kituo cha afya* ikiwa malengelenge ni mengi au yako usoni, kinywani au sehemu za siri. Ikiwa mwathirika ni mtoto mdogo. Ikiwa kuna homa, usaha au wekundu unaopanda. Au ikiwa mkojo unauma au una damu, kwa sababu dalili hiyo ya mwisho inaonyesha kwamba sumu imeingia mwilini.

Kwa jicho hakuna hatua za kujaribu moja baada ya nyingine. Majimaji ya mdudu yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, bila kulisugua, bila maziwa ya mama wala dawa ya majani, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dalili ya nne: mnyama anakojoa damu, anatokwa mate au ana vidonda mdomoni

Kwa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe au Njombe, anza na kupe. Ugonjwa wa kojo damu unaoenezwa na kupe ndio kisababishi cha kufikiriwa kwanza mkojo ukiwa mwekundu na mnyama ana homa kali. Mnyama mwenye mate mengi, vidonda mdomoni na anayechechemea anaweza kuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Huyo atengwe na afisa mifugo aarifiwe mara moja. Homa ya mgunda nayo hubadilisha rangi ya mkojo, na huambukiza binadamu, kwa hiyo usiguse mkojo huo kwa mikono mitupu. Ng'ombe aliyelishwa kangaga la milimani kwa muda mrefu hukojoa damu bila homa, kwa vipindi vinavyorudi.

Mbawakawa hufikiriwa pale ambapo hayo hayalingani na hali, na pana malisho mapya: nyasi zilizokatwa zikiwa na maua, au makapi ya maharage yaliyofungwa mabunda. Wadudu waliopondwa wakati wa kukata hubaki ndani ya malisho, na kukausha hakuondoi sumu. Farasi ndio wanaojulikana kuathirika zaidi, na kwao chini ya miligramu 1 ya kantharidini kwa kila kilo ya uzito inaweza kuua. Punda ni wa ukoo huohuo na asichukuliwe kuwa salama. Ng'ombe, mbuzi na kondoo nao wanaweza kudhurika. Mnyama huumwa tumbo, huzamisha mdomo majini bila kunywa sana, na hukojoa mara nyingi kidogokidogo.

Ondoa malisho hayo kwenye hori lote, fungua bunda na ulitawanye juu ya turubai ukitafuta vipande vya mabawa yenye rangi, mpe mnyama maji safi, kisha mwite daktari wa mifugo bila kusubiri kesho. Hakuna dawa ya kuiua sumu hii. Daktari huokoa mnyama kwa dripu, dawa za maumivu na kurekebisha madini ya kalisi na magnesi yanayoshuka katika damu, na kila saa inayopita hupunguza uwezo huo. Kwa msimu ujao, kata nyasi za malisho kabla hazijachanua, na kagua ukingo wa shamba kabla ya kufyeka.

Dalili ya tano: mtu amemla au amenyweshwa

Njia mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni mtoto mdogo aliyevutiwa na rangi. Ya pili ni unga wa mdudu uliokaushwa, unaouzwa au kupendekezwa kuwa dawa ya nguvu za kiume. Kinachodhaniwa kuwa nguvu ni njia ya mkojo iliyoungua na kuvimba. Kiasi kidogo kama miligramu 10 za kantharidini kinatajwa kuwa kinaweza kumuua mtu mzima, na hakuna anayeweza kujua kwa macho ni kiasi gani kimo katika mdudu mmoja, kwa sababu hutofautiana kati ya spishi na spishi na kati ya dume na jike.

Dalili huanza kwa kuungua mdomo na koo, kutapika, wakati mwingine damu, kisha maumivu ya kiuno na mkojo wenye damu. Hapa hakuna ukaguzi wa nyumbani. Usimtapishe, kwa kuwa kinachopanda huunguza koo mara ya pili, na usimpe maziwa, mafuta wala chochote chenye mafuta. Suuza mdomo kwa maji, yatemwe, kisha safari ya hospitali ianze, na ikiwezekana iwe hospitali yenye uwezo wa kupima na kufuatilia figo. Mdudu au unga uliobaki uwekwe ndani ya chupa iliyofungwa na upelekwe pamoja na mgonjwa. Mhudumu aelezwe saa ambayo ulimezwa, kiasi kinachokadiriwa, na ukweli wote kuhusu sababu ya kuumeza, hata kama inaaibisha, kwani vidonda vya tumbo na maambukizi ya njia ya mkojo hufanana na sumu hii, na mgonjwa akitibiwa hivyo anaweza kurudishwa nyumbani wakati figo zake zinaendelea kuharibika.